Herufi Mbili Kwenye Mguu wa Mama

"Ndevu zile zisikaribie unga wangu," alisema Marlene Hlavaty, na wala hakugeuka kutazama nani anagonga. Alishajua. Gari la yule kijana lilikohoa kama mzee wa pumu, na tangu kabla ya Pasaka mtaa mzima ulikuwa umelizoea.

"Mama, amekuja kusoma," alisema Corinne. "Mtihani ni kesho asubuhi."

"Kusoma! Baba yako naye alikuja kusoma kwetu, kwenye kochi la mama yangu. Matokeo ya masomo yale ni wewe na dada yako."

Mama mkubwa Bernadine, dada yake Marlene, alicheka mpaka kifimbo cha kusukumia unga kikamponyoka. "Mfungulie mtoto wa watu, Cori. Nje kuna baridi."

Corinne alifuta mikono kwenye aproni akaenda mlangoni, moyo ukimdunda kama wa msichana wa sekondari. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, daktari, anayekata mifupa ya watu kwa msumeno bila kupepesa jicho, alikuwa anaogopa jiko la mama yake.

Siku ile aliichagua makusudi. Jumamosi dada yake Paige alikuwa anaolewa, na mjini kwao Youngstown harusi inaweza kukosa maua, inaweza kukosa hata padri kwa nusu saa, lakini haikosi meza ya biskuti zilizookwa na wanawake wa ukoo. Ikikosa, watu watasema bibi harusi hana mama, hana shangazi, hana majirani. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa trei juu ya trei, na baba yake alikuwa amekimbilia ukumbini kupanga viti, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Corinne alipiga hesabu zake: mama mwenye mikono ndani ya unga hawezi kumfukuza mtu kwa haraka.

Alitaka kitu kimoja tu, kiti cha Gurtej, huyo huyo aliyekuwa anagonga, kwenye meza ya familia siku ya Jumamosi. Mama alikuwa amekataa. Alisema viti vimejaa, na havikuwa vimejaa. Sababu yenyewe aliitoa mara moja tu, akiwa anaosha sufuria: "Huyo ni wa California. Wa mbali wakija, hawarudi peke yao. Akimaliza mafunzo atakubeba akuweke kule kwao, na mimi nitakuwa namwona binti yangu kwenye simu."

Na hapa ndipo palipomkaba Corinne. Gurtej Dhillon hakuwahi kutamka neno la kumpeleka popote. Aliyekuwa akiwaza kuondoka ni Corinne mwenyewe. Kule Oregon, upande wa pili wa nchi, kulikuwa na daktari bingwa wa kunyoosha miguu ya watoto waliozaliwa nayo imepinda, na Corinne alikuwa ameshamwandikia kuomba mwaka wa kujifunza chini yake. Hakumwambia mama. Hakumwambia Gurtej. Mama alipomlaumu Gurtej, Corinne alinyamaza, maana lawama ikishapata wa kuibeba, mwenye mzigo hupumua. Hakuwa anajivunia jambo hilo, lakini ndivyo alivyofanya.

Alifungua mlango. Gurtej alisimama pale kwenye ngazi akiwa na kilemba cha bluu iliyoiva, koti begani, vitabu kwapani, na mfuko wa kitambaa mkononi. Walitazamana. Walikuwa wameonana asubuhi ile ile hospitalini, wote wakiwa madaktari wa mwaka wa pili katika mafunzo ya upasuaji wa miguu, wakabishana juu ya kidonda cha mzee mmoja kama paka wawili. Lakini kumwona mtu kwenye korido na kumwona kwenye mlango wa kwenu ni mambo mawili tofauti.

"Ana hali gani?" Gurtej alinong'ona.

"Ana kifimbo."

"Nimeshakutana na wagonjwa wabaya zaidi." Aliingia, akainamisha kichwa mbele ya wale wanawake wawili. "Hamjambo. Bi Hlavaty, baba yangu ametuma hizi. Ni jozi, njugu za miti ya shambani kwetu, zimemenywa."

Marlene aliutazama ule mfuko. Trei nzima ya biskuti ilikuwa inasubiri jozi, na zile za dukani alikuwa amezilalamikia tangu asubuhi. Akachukua moja, akatafuna polepole, akiwa amekunja uso.

"Si mbaya," alisema. Kwa Marlene, hiyo ilikuwa hotuba. "Lakini ndevu nimeshasema."

Gurtej aliingiza mkono mfukoni, akatoa kile kifuniko cheupe cha ndevu wanachovaa chumba cha upasuaji, akakivaa. Akaenda kwenye sinki akanawa mikono hadi kwenye viwiko, kama anayekwenda kupasua. Bernadine alimkonyeza Corinne. Marlene, aliyenyang'anywa silaha kabla vita haijaanza, alinyoosha kidole kwenye meza ndogo karibu na dirisha.

"Kaeni pale, niwaone. Mdomo usome, mikono ijaze jamu. Hapa hakuna mtu wa kukaa bure."

Wakakaa. Corinne alikuwa anakunja vipande vya unga juu ya jamu ya aprikoti, Gurtej anavibana ncha. Magoti yao yaligusana chini ya meza, hakuna aliyeondoa la kwake.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa kila mwaka, nchi nzima, madaktari wote wa mafunzo yao wakikaa mbele ya kompyuta. Maswali ya kuchagua Corinne hakuyaogopa. Alichoogopa ni wagonjwa. Kompyuta inakupa mgonjwa na malalamiko yake, na ni juu yako kumhoji, kumpima, kuagiza picha, halafu ndipo uamue. Mwaka uliopita hapo ndipo alipoanguka, na daktari mkuu wao alimwambia mbele ya wenzake kwamba ana mikono ya dhahabu na masikio ya mbao.

"Haya," alisema Gurtej. "Mwanamke, miaka sitini na moja. Ana kinundu kwenye kidole gumba cha mguu, kinamuuma. Endelea."

"Nakata kichwa cha mfupa kwa umbo la V, nakisukuma ndani, naweka skrubu. Nashona. Anaenda nyumbani."

"Umefeli."

"Nimefeli wapi? Upasuaji huo nimeufanya mpaka naota!"

"Hujamuuliza hata jina, Cori. Hujauliza kinamuuma lini, akivaa viatu gani, anafanya kazi gani. Hujamgusa. Hujapiga picha akiwa amesimama. Umemkuta mlangoni umemkata."

"Yuko hivyo tangu mtoto," Marlene aliingilia kutoka kwenye oveni. "Keki haijapoa, yeye ameshaikata."

"Mama, unasikiliza?"

"Jiko ni langu, masikio ni yangu."

"Mwanamke wa sitini na moja mwenye kinundu," alisema Bernadine, akilamba sukari kwenye kidole. "Ajabu. Kama namjua. Kinundu chenyewe kikubwa kama kitunguu cha kuchoma?"

"Bernie, nyamaza."

"Sinyamazi. Penye miti hapana wajenzi! Una mtoto mpasuaji wa miguu na unachechemea kama bata. Cori, mama yako amenunua viatu vya wazi vya harusi kwa sababu vya kufunika havimwingii. Kucheza polka alishaacha. Anasema ameacha kwa sababu ya umri. Umri gani? Mimi ndiye mkubwa!"

Corinne alimtazama mama yake miguuni. Soksi nene, kandambili za manyoya. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho aliona miguu ya mama yake ikiwa mitupu, akashindwa.

"Mama?"

"Ni miguu tu. Mtu akisimama jikoni mwa shule miaka yote ile, atoke na miguu ya malaika?"

Gurtej akavuta kiti, akakifuta unga kwa kiganja. "Bi Hlavaty, tunakuomba. Corinne anahitaji mgonjwa wa kumhoji, na wa kwenye kompyuta hajibu kwa jeuri. Akifanya mazoezi kwako, kesho hatamwogopa mtu."

"Unanisifu au unanitukana?"

"Vyote viwili, mama."

Bernadine aliangua kicheko. Marlene alijikaza asicheke, akashindwa upande mmoja wa mdomo. Akakaa. Akavua soksi ya kulia kwa hasira, kama anayelipa faini.

Corinne alipiga magoti mbele yake.

"Kinakuuma tangu lini?"

"Tangu ulipoanza chuo."

"Na hukuniambia?"

"Hilo ni swali la daktari au la mtoto?"

"La mtoto."

"Ulikuwa na mitihani. Ulikuwa na miguu ya watu wengine. Ningekuongezea ya kwangu ya nini?" Marlene alitazama dirishani. "Endelea na ya daktari, kabla sijabadili mawazo."

Basi akaendelea. Aliuliza kinauma ukitembea au hata ukilala. Aliuliza viatu, aliuliza ngazi, aliuliza kama bibi yao alikuwa nacho. Marlene alijibu kwa mkato, halafu kwa maneno mengi, halafu akawa anaeleza jinsi anavyoshuka ngazi za chumba cha chini akitanguliza mguu wa kushoto ili kikapu cha nguo kisimwangushe. Corinne hakukata neno hata moja. Kisha akaushika mguu ule, akabana katikati ya unyayo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akausukuma ule mfupa mrefu wa kidole gumba juu, chini.

Ulicheza. Ulicheza kama jino la mtoto.

"Gurtej," alisema taratibu. "Mfupa umelegea huku nyuma. Kwenye kiungo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kumkata kichwa cha mfupa kungekuwa kumdanganya. Mwaka mmoja, miwili, kinundu kingerudi. Lazima nimpige picha akiwa amesimama, na kama ni kweli, naunganisha kiungo cha nyuma kisicheze tena." Akainua uso. "Ningemkata mama yangu mahali pasipostahili."

Gurtej alikuwa amepiga magoti pembeni yake. Kile kifuniko kilimficha mdomo, lakini macho yalikuwa wazi, na Corinne alisoma ndani yake jambo ambalo halimo kwenye kitabu chochote cha mifupa. Hakukuwa na sifa ya mwalimu pale. Alikuwa mwanaume anayemtazama mwanamke akiwa katika ubora wake na kusahau kwamba kuna watu wengine chumbani. Corinne alihisi joto likimpanda shingoni na kujua kwamba mama yake, aliyekuwa amekaa juu yao kama hakimu, analiona.

"Umefaulu," Gurtej alisema. "Bado kitu kimoja. Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji?"

"Kutia alama mguu unaohusika."

"Sawasawa!" Na kwa furaha, na kwa mazoea ya kila asubuhi ya Mungu, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukatoa maka peni ya zambarau ya kutilia wagonjwa alama, ukavuta kifuniko, na ukaandika juu ya mguu wa Marlene Hlavaty herufi mbili kubwa za jina lake, zilizonyooka, zinazosomeka toka mbali: GD.

Akaganda. Corinne akaganda.

"Wino huo unatoka?" aliuliza Marlene, sauti ya chini.

Wino ule umetengenezwa usitoke hata ukisuguliwa kwa dawa.

Wakajaribu. Walijaribu spiriti, limau, dawa ya kutolea rangi ya kucha. Bernadine alileta pombe kali ya plamu ya marehemu baba yao, wakamwagia kidogo mguuni, na yeye akanywa iliyobaki. Herufi zilizidi kung'aa.

"Keshokutwa," alisema Marlene, "nitapita katikati ya kanisa, mama wa bibi harusi, viatu vya wazi, nimeandikwa jina la mwanaume mguuni kama sanduku la posta."

"Mumeo hajawahi kukuandika hata kadi," alisema Bernadine. "Mshukuru kijana."

Hapo Corinne alicheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, unga nywele zote, machozi yakimtoka. Marlene alimtazama. Wiki nyingi binti yake alikuwa anaingia na kutoka nyumbani mwake uso umekunjamana kama risiti, na sasa anacheka kama alivyokuwa akicheka utotoni.

Lakini Marlene hakuwa mtu wa kulainishwa kwa kicheko. Alimgeukia Gurtej.

"Nieleze. Nyie mnaandika herufi hizi za nini?"

"Ni dhamana, Bi Hlavaty. Anayeandika ndiye anayewajibika. Lazima awepo mgonjwa anapopasuliwa. Hawezi kuandika kisha akaenda zake."

"Hawezi kwenda zake. Vizuri." Marlene alivaa soksi yake polepole. "Basi, daktari wa dhamana, nijibu. Mafunzo yakiisha utakuwa wapi? Na binti yangu utakuwa umemweka wapi? Maana najua ulivyomtazama sasa hivi. Mimi ni mzee wa miguu, si wa macho."

Gurtej alivua kile kifuniko. "Bi Hlavaty, hatujalizungumza..."

"Hamjalizungumza. Wanaume wa mbali huwa hawazungumzi, huwa wanafungasha. Asante kwa jozi. Chukua koti lako. Viti vimejaa."

Gurtej hakubisha. Alimtazama Corinne mara moja, bila lawama, akaenda kuchukua koti kwenye msumari. Aliingiza mkono mmoja, akatafuta wa pili. Corinne aliona mgongo wake, aliona jinsi anavyoondoka kwa adabu kutoka kwenye nyumba ambayo yeye mwenyewe alimwalika, amebeba kosa ambalo si lake. Akaelewa kwamba akimwacha avuke mlango ule, hatakuwa na uso wa kumwita tena.

"Mama, mwache. Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Si yeye anayetaka kuondoka. Ni mimi." Ilibidi avute pumzi. "Nimeomba nafasi Oregon. Mwaka mmoja, kwa daktari wa watoto wenye miguu iliyopinda. Gurtej hajui. Nimeomba peke yangu."

Marlene aliweka mkono juu ya goti.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka." Marlene alisimama. "Yaani umeniacha nimchukie mtoto wa watu tangu Pasaka? Bure? Unajua kumchukia mtu ni kazi kiasi gani? Namwona kwenye gari lake bovu, natema mate. Nikisali namruka! Na wewe umekaa tu unanitazama?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa. Mimi ndiye mama yako, au mbwa wa jirani?" Sauti ilimkatika mwishoni, akaificha kwa kufungua oveni. Alipogeuka alikuwa na trei mkononi na macho mekundu, na angeapa ni moshi. "Hilo la Oregon tutagombana Jumatatu. Tutagombana vizuri. Leo nina biskuti." Halafu akamwelekea Gurtej aliyesimama na koti lililoingia nusu. "Na wewe? Ulipanga nini, kabla ya huyu kukushangaza?"

"Mimi nimemwomba daktari mkuu nibaki hapa. Hospitalini kwetu."

"Hapa? Youngstown?"

"Ndiyo, mama. Kule kwetu ni jua na jozi, jozi na jua. Hapa mtu akikuuliza habari, anasubiri jibu. Na theluji naipenda."

"Anaipenda theluji," Bernadine alinong'ona. "Maskini, ana homa."

Marlene aliwatazama wote wawili, mmoja mmoja, kama anayepima nyama buchani. Unaweza kuona jinsi hesabu zilivyogeuka kichwani mwake, mwizi akawa mlinzi, na adui akaonekana yuko ndani ya nyumba, amevaa aproni.

"Vua koti," alimwambia Gurtej. "Bernie, Jumamosi ongeza kiti. Hapa pembeni yangu."

"Si ulisema viti vimejaa?"

"Vilijaa wapumbavu. Ongeza. Na wewe kijana, kesho ukitoka kwenye mtihani, njoo ubebe trei hizi ukumbini. Una mgongo mzuri. Kula kitu. Umekonda kama mtu asiye na mama."

Jioni ilipoanza kuingia, Corinne alimsindikiza hadi kwenye gari. Majani ya mwaloni yalikuwa yamejaa njia, mekundu na ya kahawia, na hewa ilinukia siagi kutoka dirishani.

"Oregon," alisema Gurtej.

"Umekasirika."

"Kidogo. Ningekufanyisha mazoezi ya maombi hayo pia, kama ungeniambia."

"Niliogopa utasema hapana. Halafu nikaogopa utasema ndiyo, uache unachokipenda kwa ajili yangu, na siku moja unihesabie kama deni."

Gurtej alimfuta unga kwenye shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu mwenye muda wote wa dunia. "Mimi si mtu wa kuhesabia. Wataka kwenda kweli?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Hata yeye mwenyewe hakuwa amejiuliza kwa sauti.

"Nataka kweli. Naota ile miguu midogo. Nataka kuinyoosha halafu niwaone watoto wakikimbia."

"Basi utakwenda. Na kesho utafaulu, japo si kuliko mimi."

"Tutaona." Akamvuta kwa kola ya koti, akambusu, palepale njiani kwao, mbele ya dirisha la jikoni. Midomo yake ilikuwa na ladha ya aprikoti. Kioo kiligongwa kwa kijiko kutoka ndani, mara nyingi, kwa hasira. Hawakuachana mpaka kijiko kilipochoka.

Gurtej alipumua, paji lake juu ya paji la Corinne. "Na nikisema nakuja na wewe Oregon, huo mwaka mmoja?"

Corinne alimtazama, akitafuta mzaha usoni pake. Haukuwepo. Moyo wake uliruka mpaka akashika mlango wa gari.

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli. Ila nani atamwambia mama yako?"

Corinne alianza kucheka. "Wewe," alisema. "Kipenzi chake ni wewe."